Siku ya Wazazi Si Baraza la Hukumu

Kila ikaribiapo siku ya mkutano wa wazazi, neno lile lile hurudiwa katika chumba cha walimu: "Wazazi wa bonde hili hawajali elimu. Ukiwaita, hawaji, na wakija, husinzia." Nimelisikia neno hili hapa Ifakara mjini, nimelisikia Mang'ula, nimelisikia ng'ambo ya mto, na kwa aibu naungama kwamba mimi mwenyewe nimelisema mara nyingi. Leo nataka kulipinga. Sisemi kwamba wazazi hawana makosa, maana wako wazazi wazembe kama walivyoko walimu wazembe. Lakini nataka kuwauliza walimu wenzangu swali moja ambalo hatupendi kuulizwa: Kabla ya kumwita mzazi, wewe mwalimu ulitayarisha nini?

Najua jibu, maana nimekuwamo. Tulifagia uwanja. Tuliwaamuru watoto watoe madawati na kuyapanga chini ya mwembe, tukaazima viti kanisani kwa ajili ya mtendaji wa kata na wageni wengine. Tuliandika orodha mbili, ya kwanza ya wazazi ambao hawajatoa mchango, na ya pili ya watoto walioshindwa mtihani. Basi, hayo ndiyo matayarisho yote. Siku ikifika, wazee huketi juani tangu saa mbili wakingoja mgeni anayekuja saa nne. Mwenyekiti wa kamati husema, mtendaji husema, mwalimu mkuu husema, na kila mmoja huwaambia wazazi kwamba elimu ni ufunguo wa maisha, kana kwamba wamekuja kubisha. Halafu orodha husomwa kwa sauti kuu. Mama wa watu husimama mbele ya jirani zake, na mwanawe aitwa wa mwisho darasani. Tukiuliza, "Kuna swali?" wote hunyamaza. Ndipo sisi husema kwamba hawajali.

Watu wakiitwa kusomewa hukumu, wataulizaje swali?

Niwaeleze kosa langu, ili msinidhanie kuwa nahubiri nikiwa juu ya mti. Mwaka 2017, ambao ulikuwa wa tatu tangu nianze kufundisha, nilikuwa na darasa la nne katika shule ambayo sitaitaja. Mwezi wa Machi tukaita wazazi. Katika daftari la mahudhurio palikuwa na mvulana mmoja aliyekosa siku 19, nami nilikuwa nimekasirika sana. Jina lake liliposomwa akasimama bibi yake, mwanamke mzee, miguu yake imejaa tope hata magotini. Sikumwamkia shikamoo. Nikamwambia mbele ya watu wote, "Bibi, huyu mtoto mnamweka shambani aamie ndege, kisha mtasema mwalimu hafundishi." Watu wakacheka. Yule bibi akanitazama kitambo, akasema, "Nimesikia, mwalimu," akaketi.

Zilipita wiki mbili ndipo katekista wa kigango chetu akanieleza mambo yalivyokuwa. Mtoto hakuwa shambani hata kidogo. Aliyekuwa shambani ni bibi. Mvulana aliachwa katika nyumba ya mjini pamoja na dada zake wawili wadogo, ili wote watatu wasome. Na mmoja wa wale wadogo alishikwa na homa mara kwa mara, naye kaka ndiye aliyempika uji, ndiye aliyempeleka hospitali, ndiye aliyekaa naye. Mtoto wa miaka kumi alikuwa baba na mama wa nyumba. Bibi yake hakujua kwamba anakosa shule, wala mimi sikujua kwa nini anakosa. Mzee yule alikuwa ameondoka shambani alfajiri kuja kunisikiliza, akitumaini kwamba mimi, niliyemwona mtoto kila siku, ningemwambia habari zake. Nami sikuwa na habari yo yote ila hesabu ya siku.

Muhula wa pili watoto wote watatu hawakuonekana. Bibi alikuwa amewachukua akaenda nao dunguni, ili asiaibishwe tena. Mvulana alirudi mwaka uliofuata katika darasa lile lile, amewapita wenzake kwa kichwa kizima, na tangu siku ile hakupenda kunitazama usoni. Sasa niambieni ni nani katika habari hii asiyejali elimu.

Msomaji aliye mgeni wa nchi hii ataka kujua dungu ni nini. Ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katika shamba la mpunga. Watu wa Kilombero wengi huishi katika nyumba mbili: nyumba ya kijijini au ya mjini, na dungu la shambani. Mvua za masika zikikaribia watu huhamia kwenye mbuga ya mto kulima na kupanda. Hupalilia, huamia ndege na kufukuza nguruwe mwitu, na wengi hawarudi kabisa mpaka wamevuna, yaani mwezi wa Juni au Julai. Ndivyo wanavyolima Wandamba, Wapogoro na Wambunga, na hata wageni waliokuja kuishi nao wamejifunza desturi hiyo, kwa sababu mpunga hauwezi kulindwa na mtu aliye mbali. Sasa angalieni kalenda ya shule. Mwaka huanza Januari, nasi twaita wazazi Machi, au twawaita siku za kufunga shule mwanzo wa Juni. Twachagua miezi ile ile ambayo mzazi yuko majini mpaka kiunoni, au mundu u mkononi mwake na mpunga unapukutika! Kama mtu angetaka kwa makusudi kuchagua siku ambazo mzazi hawezi kuja, asingeweza kuchagua vizuri zaidi.

Tena jambo hili si siri. Watafiti wa malaria wa hapa Ifakara, katika taasisi ile iliyotokana na maabara ya Profesa Rudolf Geigy wa Uswisi, iliyoanzishwa mwaka 1957, wamewafuata watu mpaka madunguni. Walitaka kujua wakulima wanalala wapi, wanatumia chandarua gani, na wakiugua wanatibiwa wapi wakati wa kilimo. Waliona kwamba hawawezi kuielewa homa pasipo kuyaelewa maisha ya watu. Basi watu wa mbu wamejua mzazi wa mwanafunzi wangu analala wapi mwezi wa Machi, na mimi mwalimu wa mtoto sijui. Neno hili lanichoma kila nilifikiripo.

Kwa hiyo matayarisho ya kwanza ni siku yenyewe. Mkutano uwe katikati ya Julai, mpunga ukiwa ghalani na mioyo imetulia, na mwingine uwe Novemba, kabla watu hawajahama. Huo wa Novemba mimi nauona kuwa ndio mkubwa kuliko wote, maana hapo ndipo mwalimu na mzazi waweza kupatana juu ya miezi sita ijayo: mtoto atakaa na nani, atakula nini, nani atampigia simu mzazi mtoto akikosa siku tatu. Simu zipo, hata madunguni watu wengi wanazo, ijapokuwa mahali pengine mtu hupanda kichuguu ili apate mtandao. Lakini ni walimu wangapi wenye namba ya mlezi wa kila mtoto iliyoandikwa mahali panapojulikana? Na yule jirani aliyeachiwa watoto, nani ameandika jina lake?

Jambo la pili ni daftari, nalo ndilo nitakalokaa juu yake, kwa kuwa ndilo lililonibadilisha. Si daftari la mahudhurio, wala la alama, bali ni daftari ambalo kila mtoto ana ukurasa wake. Mtasema, "Mwalimu, darasa lina watoto tisini, utaandika saa ngapi?" Langu lina watoto 92, nami nimepiga hesabu. Kila siku ya shule naandika juu ya watoto wanne, sentensi moja au mbili tu, kabla sijafunga mlango. Kwa wiki tano wote wamekwisha, nami naanza tena. Sentensi zenyewe si za kujivuna: "Huyu amesoma ukurasa mzima bila kukwama. Huyu akikaa nyuma hanakili sawasawa, labda macho. Huyu hesabu za fedha azijua kuliko za kitabuni. Nasikia auza vitumbua stendi. Huyu tangu Jumatatu hacheki."

Jambo la ajabu ni kwamba wiki za kwanza niliona watoto ambao sikuwa na neno la kuandika juu yao. Nilikuwa nimewafundisha tangu Januari, nami sikujua lo lote ila majina yao, na mmoja nilimchanganya na pacha wake. Hao ndio watoto wanyamavu, wasiosumbua, wasioshinda wala kushindwa. Mchungaji mwema, tumefundishwa katika Injili ya Yohana, anawajua kondoo wake na kuwaita kwa jina. Wala hatusomi kwamba aliwajua wale tu waliokuwa wakipiga kelele. Pasipo lile daftari mzazi wa mtoto mnyamavu angekuja kwangu, nami ningemwambia, "Anaendelea vizuri." Maneno hayo mawili ni uongo wa walimu, tena uongo wa kila siku. Maana yake ni "Simjui mwanao."

Ukiwa na ukurasa ule mbele yako, mambo hubadilika. Mzazi akiketi, kwanza mwamkie kama umri wake unavyostahili. Usisahau kwamba nje ya lango la shule wewe ni mtoto wake. Kisha mwambie jambo moja jema la kweli ulilomwona nalo mtoto, jambo lenye siku na mahali, si sifa za kupaka mafuta. Kisha uliza. Narudia: uliza, kabla ya kushitaki. "Nyumbani yukoje? Anafanya kazi gani? Anapenda nini? Ni jambo gani linalokutia wasiwasi?" Ndipo uonyeshe madaftari ya mtoto mwenyewe. Mzazi asiyejua kusoma aweza kuona wino mwekundu, aweza kuona mwandiko uliokuwa umepinda Februari na kunyooka Julai. Nimemwona mzee wa Kisukuma, mchungaji wa ng'ombe, akipitisha kidole juu ya mwandiko wa binti yake kana kwamba ashika kitambaa cha thamani. Huyo naye twasema hajali.

Na ikiwa mzazi hasemi sana Kiswahili, mtafute mtu mzima wa kufasiri. Usimtumie mtoto mwenyewe. Nimeona jambo hili likifanywa, nalo ni ukatili: mtoto asimamishwa katikati, aambiwe amfasirie baba yake makosa yake mwenyewe. Ama atadanganya, ama atajihukumu.

Hapa wenzangu hunijibu kwa ukali. Wasema kwamba mwalimu akianza kumwuliza mzazi maswali, mzazi atamdharau, atasema, "Huyu naye hajui kazi yake." Mimi nawajibu kwa Hospitali ya Mtakatifu Francis, ambayo sote twaijua. Nani kati yetu amewahi kuingia pale akaandikiwa dawa kabla hajaulizwa, "Unaumwa wapi? Tangu lini? Umekula nini?" Na je, tulimdharau daktari kwa sababu aliuliza? Tungemdharau kama asingeuliza, tena tungemkimbia. Kitabu cha Mithali, sura ya 18, kimekwisha kutamka kwamba kujibu kabla ya kusikia ni upumbavu na aibu kwa mtu. Mimi nilipata aibu hiyo, nami sitaki mwingine aipate.

Wengine wasema muda hautoshi. Hili ni la kweli zaidi, wala silidharau. Nikimpa kila mzazi dakika kumi, watu 92 ni zaidi ya saa kumi na tano. Hakuna siku moja yenye kutosha. Lakini nani alisema iwe siku moja? Wazazi sita kila jioni, baada ya masomo, huchukua saa moja. Kwa jioni kumi na sita darasa zima limekwisha. Mkutano mkubwa wa chini ya mwembe na ubaki kwa mambo ya wote. Habari za mtoto mmoja mmoja zisemwe na mzazi mmoja mmoja, mahali ambapo jirani hasikii.

Sasa nafikia jambo la fedha, nami najua nitawaudhi wengine. Waraka wa Elimu namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima katika shule za serikali za msingi na za sekondari za kutwa na bweni mpaka kidato cha nne, na tangu Januari 2016 elimu hiyo hutolewa bila malipo hayo. Waraka namba 3 wa mwaka 2016 ulieleza wajibu wa kila mmoja: mzazi humnunulia mtoto sare na madaftari, na humtunza kwa chakula na matibabu, wananchi waweza kuchanga kwa hiari yao kwa kupatana, lakini mtoto asizuiwe kusoma kwa sababu ya mchango. Sipingi michango. Uji wa mchana ni jambo jema sana, na mtoto mwenye njaa hasikii hesabu. Nachopinga ni kuchanganya mambo mawili katika kikao kimoja, mpaka mzazi asiye na debe la mahindi aogope kuja kuulizia mwanawe. Mama mmoja aliniambia waziwazi mwaka jana: "Mwalimu, mimi sikuja kwa sababu nilikuwa sijapata ile elfu tano." Tulimkosa yeye kwa elfu tano. Mambo ya mchango yawe na siku yake, yaongozwe na kamati ya shule, na mapato na matumizi yasomwe hadharani. Jioni ya kuongea juu ya mtoto, fedha isitajwe hata kwa mzaha.

Liko na jambo la fimbo. Mara nyingi mzazi akisikia kosa la mtoto husema, "Mwalimu, mchape tu, nimekupa ruhusa." Ruhusa hiyo si yake kuitoa. Kanuni za mwaka 2002 zaweka mipaka: viboko si zaidi ya vinne, kwa kosa kubwa tu, na mwenye kuvipiga ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Mimi ningependa visiwepo kabisa, lakini hayo ni mashindano ya siku nyingine. Ninalosema hapa ni kwamba mwalimu apime maneno yake kwa kufikiri yatakavyofika nyumbani. Niliona baba akimpiga mwanawe uwanjani mbele yetu, kwa neno ambalo mwenzetu alilitupa kwa kejeli tu, naye akabaki ameduwaa. Kabla hujasema jambo, ujue wataka lifanye nini. Kama ni mtoto kukaa mbele kwa sababu ya macho, sema hivyo. Kama ni kwenda kupimwa, sema hivyo, na umwandikie mzazi karatasi. Chagua jambo moja la kupatana kwa muhula mmoja, si kumi. Uliandike katika ukurasa wake, na mkutanapo tena uanze na hilo.

Nanyi wazazi mnaosoma gazeti hili, msidhani nimewasahau. Msije shuleni kusema "Tumesikia, mwalimu" na kuondoka. Mwulizeni mwalimu: mwanangu ana rafiki gani, anaweza nini leo ambacho hakukiweza Januari, nami nimsaidie vipi mimi nisiyejua kusoma? Mwalimu akishindwa kujibu, msimkasirikie. Mwambieni mtarudi wiki ijayo, na mrudi kweli.

Kabla ya daraja la mto Kilombero kufunguliwa mwaka 2018, tulikuwa na udhuru wa kivuko, na baada ya kile kilichopinduka Januari 2016 hakuna aliyethubutu kumlaumu mwalimu kwa kutovuka. Udhuru huo umekwisha. Mwalimu mkuu wangu amekubali mkutano wa Julai, na ule wa Novemba amesema ataufikisha kwenye kamati. Nilipomwomba ruhusa ya kuwafuata wazazi upande wa Minepa na Lupiro wakati wa kuamia ndege, alicheka, akasema niende kwa baiskeli yangu na siku zangu mwenyewe. Nimekubali. Nitaanza Jumamosi, na madaftari ya watoto kumi na mmoja ambao wazazi wao sijapata kuwaona. Ng'ambo huko yuko pia yule bibi, bado analima. Sijui kama atanipokea.